Uhuru bila damu: ni TANU au ni UNO? Watu wa Tanga njooni tuzungumze

#1 Mwana wa Muheza
Wanajamvi, salaam.

Mzee wangu alifariki mwezi uliopita, tukamzika Muheza. Juzi nimefungua sanduku lake la bati nikakuta kipande chake, yaani kadi ya kazi ya shamba la mkonge. Karatasi ngumu, imekunjwa mara mbili, imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ndani ina vyumba 30. Vyumba 22 vina alama ya nyapara, vinane viko wazi. Ukimaliza ngwe yako unatiliwa alama, usipomaliza siku hiyo imekufa. Na mshahara hauuoni mpaka vyumba vyote vijae.

Alikuja huku kijana, juu ya lori la SILABU, ofisi iliyoajiri vibarua wa mkonge, kutoka Songea. Manamba, yaani kibarua wa mkataba. Kulikuwa na neno akilirudia kila tukikaa barazani: "Sisi UNO ndiyo iliyotutoa." UNO ndilo jina walilouita Umoja wa Mataifa wakati ule. Akisimulia kwamba usiku kambini walinong'onezana kuwa ng'ambo kuna baraza ambako Mwafrika anaweza kumshitaki Mwingereza, na Mwingereza akalazimika kusimama ajibu.

Tulikuwa tukimcheka. Sasa hayupo, nimeanza kuamini alikuwa na hoja. Kenya walimwaga damu, sisi hatukumwaga. Wao walikuwa koloni, sisi tulikuwa chini ya udhamini. Nadai hivi: bila UNO, uhuru wa Tanganyika wa 1961 usingekuja kwa amani. Mwenye hoja nyingine ailete.

#2 Chumbageni Kwetu
Pole sana ndugu yangu. Mungu amrehemu mzee.

Ila hapo umewadhulumu TANU. Watu walitoa senti zao za mkonge kulipia kadi, wengine walifukuzwa kazi kwa kadi hiyohiyo. UNO haikulala kambini na manamba.

#3 Mwalimu Mstaafu
Poleni. Tuweke msingi kwanza, maana wengi tunajadili bila kujua udhamini ulikuwa nini.

Mjerumani aliposhindwa, Shirikisho la Mataifa lilimkabidhi Mwingereza Tanganyika mwaka 1922. Hakupewa kama mali, alipewa kama amana. Vita vya pili vilipokwisha shirikisho lile likavunjika, na Desemba 1946 amana ikahamia UNO, chini ya Baraza la Udhamini. Sasa someni Ibara ya 76 ya Mkataba wa UNO: lengo la udhamini ni kuzipeleka nchi hizo kwenye kujitawala au uhuru. Limeandikwa. Na Ibara ya 87 ililipatia baraza lile mamlaka ya kupokea malalamiko ya wananchi na kutuma wajumbe wa kukagua. Wakaja 1948, 1951, 1954, 1957 na 1960.

Wajumbe wa 1954 ndio waliotikisa. Waliandika kwamba Tanganyika inaweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Leo tunaona mingi, lakini Mwingereza alikuwa hataki kusikia tarehe yoyote. Machi 1955 Nyerere akasimama mbele ya baraza hilo New York. Wala hakudai uhuru wa kesho. Alitaka itamkwe wazi kwamba nchi hii ni ya Waafrika.

Kwa hiyo mzee wako, Mwana wa Muheza, hakuwa akiota.

#4 Raskazone
Nijuavyo mimi Umoja wa Mataifa ulianza 1948 na Nyerere alikwenda 1957. Mwalimu hebu hakikisha.

#5 Mwalimu Mstaafu
@Raskazone umoja ulianza tarehe 24 Oktoba 1945. Ya 1948 ni Tangazo la Haki za Binadamu, tarehe 10 Desemba. Wengi wanachanganya hizo mbili. Nyerere safari ya kwanza ni 1955, akarudi tena Desemba 1956 akazungumza na Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, inayoshughulikia mambo ya udhamini.

#6 Raskazone
Sawa Mwalimu, nimekubali. Ndiyo faida ya jamvi.

#7 Mdigo wa Moa
Yakhe, hoja ya udhamini inavuja. Uganda haikuwa chini ya udhamini, ilipata uhuru 1962 na hakukuwa na vita vya msituni. Ghana 1957, koloni, kimya kimya. Tukisema UNO ndiyo iliyoleta amani, hao nani aliwaletea?

Upande wa pili, tazama Kameruni. Ilikuwa chini ya udhamini kama sisi. Um Nyobè, kiongozi wa wapigania uhuru wao, alikwenda kwenye UNO hiyohiyo 1952, akasikilizwa hiyohiyo. Ufaransa ikakipiga marufuku chama chake, na 1958 akauawa msituni. Barua za malalamiko kutoka kule zilikuwa kwa maelfu. Rwanda na Burundi nazo zilikuwa udhamini wa Ubelgiji, na damu ilianza kumwagika Rwanda tangu 1959, wajumbe wakiwa wanakuja na kuondoka.

Mlango mmoja, kwetu umefunguka, kwao haukufunguka. Basi siri haiko mlangoni.

#8 Chumbageni Kwetu
Umeua hapo Mdigo.

#9 Mwana wa Muheza
@Mdigo wa Moa hoja nzito hiyo, sikuwa nimeifikiria Kameruni. Lakini ngoja. Mimi sikusema UNO inatosha peke yake. Nimesema bila hiyo isingekuwa kwa amani. Mtu akiwa na pa kupeleka kilio chake, panga linakaa kwanza. Ndivyo nilivyomwelewa mzee.

#10 Mzee Korona
Vijana, nimefanya kazi mashine ya korona, ile inayotoa nyuzi kwenye mkonge, miaka 31, nimeona singa mbichi zikitoka kama nywele za bibi, na mkono wangu wa kushoto una vidole vitatu. Nataka niseme kitu.

Mnaongea New York na London kana kwamba mkonge ulijikata wenyewe. Nchi hii ilikuwa inaendeshwa na katani. Marobota yalikuwa yanateremka bandari ya Tanga kila siku. Makuli wa bandari hii hii waligoma Agosti 1939, kabla UNO haijazaliwa. 1955 ikaundwa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, Kawawa akiwa katibu mkuu. Mwaka 1958 Mazinde kulikuwa na mgomo mrefu wa mkonge. Mwenye shamba akiona singa zinaoza na meli inasubiri, huyo ndiye anayempigia simu Gavana, si mjumbe wa UNO.

Mwingereza aliondoka kwa sababu hesabu ilikataa. Kenya ilimgharimu askari na pesa. Na Gavana Turnbull aliyekuja 1958 alitokea Kenya, ameyaona kwa macho. Hakutaka kuyaona tena.

#11 Binti Pangani
Shikamoo Mzee Korona. Hapo kwenye "nywele za bibi" bibi yangu amesoma kwenye simu yangu anakuuliza bibi yupi 😄

#12 Mzee Korona
Marahaba mwanangu. Mwambie bibi ni sifa, singa nzuri ni nyeupe na ndefu.

#13 Wakili wa Barabara ya 20
Naomba niongeze shirika ambalo halijatajwa, na ni kongwe kuliko UNO. Shirika la Kazi Duniani limeanza 1919. Mkataba wake namba 29 wa 1930 ulipinga kazi ya kulazimishwa. Lakini manamba alikuwa ameweka dole gumba kwenye karatasi, kwa hiyo kisheria alihesabiwa amejipeleka. Ubaya ulikuwa mahali pengine: akitoroka kabla mkataba wake wa kazi haujaisha, lile lilikuwa kosa la jinai. Mtu anafungwa jela kwa kuacha kazi! Shirika la Kazi liliandika mkataba mwingine 1939, namba 65, wa kuondoa adhabu hizo taratibu. Walitumia hilo neno "taratibu", na wenye mashamba wakalipenda sana.

Ndiyo maana nawaambia wateja wangu: mashirika haya yanaandika leo jambo ambalo litakuja kumsaidia mjukuu wako. Inauma, lakini bila ile karatasi wakili anasimama mahakamani mikono mitupu.

#14 Mkwakwani Damu
Na ile kesi ya Wachaga walionyang'anywa ardhi wakaenda UNO? Walirudishiwa?

#15 Mwalimu Mstaafu
Wameru, si Wachaga. Wachaga ni majirani zao, ukisema hivyo Arusha watakutoa mkutanoni.

Novemba 1951 familia za Wameru zilihamishwa kwa nguvu Ngare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ardhi ikaandaliwa walowezi wa kizungu. Kirilo Japhet akaenda UNO 1952 pamoja na wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda. Kamati ya Nne ilimuunga mkono. Ilipofika Baraza Kuu, kura hazikutosha theluthi mbili. Basi.

Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchi akisimulia alichokiona. Watu walisikia kwamba Mwafrika alikaa meza moja na Mwingereza akamjibu. Hilo halikuhitaji theluthi mbili.

#16 Mdigo wa Moa
Mwalimu, hapo unamsaidia Mzee Korona. Aliyefanya kazi ni Kirilo kwa miguu yake, UNO ilimwangusha kwa hesabu ya kura.

#17 Mwalimu Mstaafu
Na angezunguka kusimulia nini kama asingekwenda?

#18 Mzigua wa Handeni
Nimesoma kimya, sasa niingie kutoka upande wa Handeni.

Mnajua habari ya watu wa Chogo? Babu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka pwani hii wakapelekwa Somalia, bonde la Mto Juba. Wakakaa huko vizazi, wakiendelea kusema Kizigua. Vita ilipovunja Somalia 1991 wakakimbia, wengine wakaingia Tanzania kwa bahari. Wakawekwa Mkuyu, huku huku Handeni, kisha 2003 wakahamishiwa Chogo.

Bibi yangu alikwenda kuwaona siku za mwanzo. Akamkuta mama mmoja anatwanga. Wakasalimiana Kizigua. Bibi akasimama pale hajui aendelee vipi, maana yule mama ametumia neno la kinu ambalo bibi alilisikia kwa mama yake tu, sisi hatulisemi tena. Wote wawili wakalia. Mtu ametoka Somalia, miaka zaidi ya mia, anakuja kumkumbusha Mzigua wa Handeni Kizigua chake.

Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilisaidia kuyajenga makazi yale. Serikali ikatoa ardhi na ikafungua njia ya uraia. Wengi leo ni Watanzania. Sasa niambieni, hapo nani alifanya kazi, shirika au serikali? Mimi nikiwauliza wao wenyewe wananijibu: "Ni Mungu na ndugu zetu."

#19 Binti Pangani
Mzigua umenitoa machozi. Kwa nini shuleni hatukufundishwa hili?

#20 Nesi Amani
Kwenye maendeleo na mimi nina langu. Nimegawa dawa za matende na mabusha vijijini huku milimani. Vidonge vyenyewe vinatolewa bure na watengenezaji kupitia mpango wa Shirika la Afya Duniani. Ile ivermectin Merck walianza kuitoa bure 1987 kwa ajili ya usubi, ugonjwa unaopofusha macho, na usubi nao tunao huku Usambara Mashariki.

Hatupimi kwa mizani, tunakwenda na fimbo. Ina alama za rangi. Mtu anasimama pembeni yake, kichwa kikifika alama ya kwanza kidonge kimoja, ya pili viwili, mpaka vinne. Mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi, mjamzito hapewi. Ni kitu rahisi mno, hata mgawa dawa wa kijiji aliyeishia darasa la saba hakosei.

Kazi ngumu ilikuwa uvumi. Wanaume walisema vidonge vinaua nguvu. Mzee mmoja mwenye busha la miaka mingi ndiye aliyesimama mbele ya watu akameza, akasema: "Mimi cha kupoteza sina, mkiniona nimedhurika msimeze." Kuanzia hapo foleni ikakatika kona. Shirika lilileta dawa, yule mzee akaleta foleni.

#21 Kilindi Kavu
Nyinyi mna bahati. Kwetu lilikuja shirika, silitaji jina, likachimba kisima kirefu na pampu ya mkono. Siku ya uzinduzi tulicheza ngoma, tukachinja mbuzi wawili. Pampu ilitoa maji miezi kumi na minne. Kikakatika kipande cha ngozi cha ndani, kile kinachobana maji yapande. Kidogo, kinaenea kiganjani. Hakuna duka hapa nchini tulilokipata, pampu ilitoka kwao na vipuri viko kwao. Tukapiga simu namba iliyoandikwa kwenye bango, mradi umekwisha, ofisi imehama.

Bango bado linasimama. Watoto wangu wanapita hapo wakienda kuchota bwawani na ng'ombe. Mimi nikisikia "maendeleo" nakumbuka kile kipande cha ngozi.

#22 Nesi Amani
@Kilindi Kavu pole sana. Na maji ya bwawa ndiyo yanayoniletea wagonjwa. Mlikuwa na kamati ya maji iliyofundishwa?

#23 Kilindi Kavu
Tulifundishwa siku mbili, tukapewa fulana. Mafunzo yalihusu kuandika mihtasari ya vikao.

#24 Dada wa Askari
Habari zenu. Kwenye amani hamjagusa.

Kaka yangu alikuwa Kongo na kikosi cha Umoja wa Mataifa. Hakuwa kwenye kambi ya Semuliki, lakini alikuwa eneo la Beni tarehe 7 Desemba 2017, kambi hiyo ya vijana wetu iliposhambuliwa usiku. Wanajeshi wa Tanzania 14 walikufa usiku ule, baadaye idadi ikafika 15. Tulikaa siku mbili hatujui kama yumo. Mama hakula. Simu ilipolia na sauti ikawa yake, mama aliiweka chini bila kusema neno akaenda kuswali.

Mtu akiniuliza mashirika haya yanaleta amani vipi, najibu kwamba amani ya Umoja wa Mataifa ina miguu ya watoto wa watu. Azimio 2098 la 2013, la kuunda kikosi cha kupambana na waasi Kongo, lilipitishwa New York. Waliokwenda kulitekeleza walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Wenye kura ya turufu hawakupeleka kikosi kule msituni.

Simlaumu aliyempeleka. Kaka mwenyewe anasema kuna vijiji watu walilala usingizi kwa sababu askari walikuwepo. Nataka tu ijulikane inalipwa na nani.

#25 Mwana wa Muheza
Dada, asante kwa kutuambia. Shukrani kwa kaka.

#26 Raskazone
Kura ya turufu tunaijua. 1981 Salim Ahmed Salim aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ikamzuia raundi baada ya raundi. China nayo ikamzuia Waldheim, katibu mkuu aliyekuwepo. Mwisho wakapata mtu wa tatu, Pérez de Cuéllar wa Peru. Mwalimu hakikisha na hii kama nimekosea tena.

#27 Mwalimu Mstaafu
Safari hii umepatia yote.

#28 Mkwakwani Damu
Tusijifiche, bomba la mafuta mbona hamlisemi? Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani hapa. Septemba 2022 Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kulipinga kwa jina la haki za binadamu na mazingira. Hao ambao kwao mabomba yamejaa chini ya kila mtaa. Haki za binadamu yangu ni ajira.

#29 Wakili wa Barabara ya 20
Mkwakwani, taratibu. Mtu anayeng'olewa minazi yake ana haki ya kulipwa kwa bei ya haki na kwa wakati, na kudai hilo si kupinga ajira yako. Uhasama wa Ulaya ni jambo moja, fidia ya jirani yako ni jingine. Usiviache vipikwe sufuria moja.

Na kama tunazungumza milango ya kupeleka kilio, kuna mmoja uko karibu kuliko New York. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, usiku mmoja kwa basi. Ilikuwa mwananchi wa kawaida anaweza kuifikia moja kwa moja. Novemba 2019 nchi yetu iliondoa tamko lililoruhusu hilo, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa kwa kesi mpya za mtu binafsi. Nimekuwa na wateja waliokuja na mafaili yao nikawaambia wamechelewa. Baba yake Mwana wa Muheza alikuwa manamba, hana kura, na alikuwa na baraza la kumsikiliza ng'ambo. Hilo linaninyima usingizi kuliko bomba.

#30 Mkwakwani Damu
Hilo la Arusha sikulijua. Nitasoma.

#31 Mdigo wa Moa
Turudi kwenye mada. Mwana wa Muheza, kipande kina tarehe gani? Vile vyumba vinane vilivyo wazi vinanisumbua tangu asubuhi.

#32 Mwana wa Muheza
Hata mimi. Mwezi unasomeka, ila mwaka umeliwa na mende, imebaki "195" kisha tundu. Baba alisema alikuja huku TANU ikiwa tayari ipo, basi si kabla ya 1954.

#33 Nesi Amani
Huenda aliugua. Malaria ya mkonge ilikuwa inamlaza mtu wiki nzima.

#34 Wakili wa Barabara ya 20
Au alitoroka. Ndiyo maana alikificha miaka yote, kilikuwa ushahidi.

#35 Mzee Korona
Mtoro hachukui kipande, anakiacha kambini akimbie mikono mitupu. Aliyekishika kipande kisichojaa ni mtu aliyekuwa anadai.

Mwana wa Muheza, nyuma ya kipande panakuwa na mhuri wa shamba. Utazame. Kama ni Mazinde au majirani zake, na kama mwaka ni 1958, basi hizo siku nane baba yako hakuugua wala hakutoroka. Alikuwa amekaa chini na wenzake, wamekataa kukata.

#36 Mwana wa Muheza
Mzee, nimekigeuza sasa hivi. Mhuri upo lakini umefifia, ni wa mviringo, herufi ya kwanza ni M. Muheza nayo ni M. Maramba nayo ni M.

#37 Mzee Korona
Usiuguse kwa maji. Niko Pongwe, Jumamosi nakuja na miwani yangu ya kusomea. Mhuri wa kila shamba naukumbuka kwa mkono.